Uzima wa Tene

Nilimzika mama mkwe wangu akiwa bado analima, anauza viazi na kuwachekesha watu sokoni. Nilimzika kwa sababu nilimpenda. Nasema hivi mapema ili usije ukanionea huruma mahali ambapo sistahili.

Jina langu ni Tryphosa. Kwetu ni Maragoli, lakini tangu mwaka wa uhuru nimekaa Nyeri, ng'ambo ya mto Chania, kwa kuwa niliolewa na Moffat Ngatia, bwana shamba aliyekuja kwetu kufundisha watu kuchimba matuta, akaondoka na mwalimu wa darasa la tatu, yaani mimi. Watu wa kwetu walisema nitakufa kwa baridi. Watu wa kwao walisema ameoa mwanamke asiyejua hata kuchemsha githeri, mahindi na maharagwe yao ya kila siku. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli kidogo.

Aliyenipokea bila masharti alikuwa mama yake, Wamucii. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mdomo mkali na kicheko cha ghafla. Alizaa wana wawili tu, hakujaliwa binti. Mkubwa aliingia msituni kupigana na wazungu wakati wa Hali ya Hatari, kabla hajaoa, na hata kaburi lake halijulikani. Akabaki Moffat peke yake. Kiswahili chake Wamucii alikiokota kwenye shamba la mzungu, kikaongezeka kizuizini, na hakuona haya kukitumia. Aliniita "mwarimu" tangu siku ya kwanza, kwa maana herufi ya *l* ilimshinda kabisa, nami sitaisumbua kalamu kwa kuandika kila alipoikosa.

Mimba yangu ya kwanza ilipoonekana, alianza kusuka kiondo kidogo. Alikisuka akitembea, akipiga soga, akingoja githeri kiive. Kilikuwa cha mkonge mweupe wenye mistari ya rangi ya udongo. Nilimwuliza ni cha nani.

"Ni ya mgeni," alisema, akacheka peke yake.

Mtoto alizaliwa katika mvua za Aprili 1964. Moffat alikuwa Mwea, kwenye mashamba ya mpunga, na barabara ya Sagana ilikuwa tope tupu. Nesi alinijia na karatasi akataka jina. Nami wiki hiyo nilikuwa nimemwota mama yangu mzazi, Kageha, aliyefariki nikiwa chuo cha ualimu. Katika ndoto alisimama mlangoni akaomba maji. Kwetu ndoto ya namna hiyo haina mjadala: aliyekufa anataka kurudi, na mtoto ndiye mlango. Nikasema, "Kageha." Nesi akaandika.

Sikuwa mjinga kabisa. Nilikuwa nimesikia kwamba Wakikuyu huwapa watoto majina ya nyanya zao. Lakini nilidhani ni nyanya waliokwisha kufa, kama kwetu. Kwetu nilikolelewa, jina la mtu aliye hai haliguswi. Kumpa mtoto jina la bibi anayepumua ni kumwambia bibi: kiti chako kimeshapata mtu, inuka uende. Wamucii alikuwa amenipa blanketi lake mwenyewe ile baridi ya kwanza ya Julai. Ningemfanyiaje jambo kama hilo?

Alikuja siku ya pili na kibuyu cha uji, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Alisimama kando ya kitanda na uso wake wote ulikuwa unangoja.

"Nani amekuja?" aliuliza. Hakuuliza kama ni mvulana au msichana. Hilo alikwisha kuambiwa mlangoni.

"Ni mama yangu," nikasema kwa furaha. "Amekuja Kageha."

Aliviweka viatu chini, kimoja baada ya kingine. Kisha akainama juu ya mtoto, akamgusa paji la uso.

"Karibu, Kageha," alisema. "Umetoka mbali sana."

Akanimiminia uji, nami nikanywa wote. Niliporudi nyumbani nilikiona kile kiondo kimening'inizwa juu ya moto jikoni, nusu kimesukwa, kamba zake zikining'inia. Nilidhani amechoka.

Moffat alifika baada ya siku tisa. Aliitazama ile karatasi ya hospitali kwa muda mrefu. "Basi," alisema, "tutapata mwingine." Mimi nikadhani alitaka mvulana, nikamnunia siku mbili nzima. Ukitaka kujua jinsi mtu mwenye cheti anavyoweza kuwa mbumbumbu, nitazame mimi.

Mwaka wa 1966 kanisa letu lilifungua madarasa ya gumbaru, ya watu wazima wasiojua kusoma, nami nikapewa kuyafundisha kila Jumanne alasiri. Wamucii aliketi mstari wa mbele. Alisoma kwa hasira, kama mtu anayeng'oa magugu, na kufikia mwaka uliofuata alikuwa amewaacha wenzake wote. Siku moja kitabu chetu cha Kikuyu kilitufikisha kwenye maneno *muoyo wa tene na tene*. Nilijua maana yake kanisani, uzima wa milele. Lakini Kikuyu nilichojifunza jikoni kwa Wamucii kiliniambia jambo jingine. Chungu kilichopasuka kilikuwa cha *tene*. Hadithi za mazimwi zilikuwa za *tene*. *Tene* ni zamani.

"Mama," nikamwuliza mbele ya darasa, "hawa wametuandikia uzima wa zamani? Mbona sisi tunaahidiwa wa mbele?"

Wanawake walicheka. Wamucii hakucheka. Aliweka kidole juu ya neno kana kwamba litatoroka.

"Mwarimu, hapo hakuna makosa. Hebu uniambie, kitu ya leo inaweza kuisha?"

"Inaweza."

"Na ya kesho?"

"Nayo pia."

"Na ile ya tene? Mtu ataimaliza namna gani? Hiyo imeshapita mahali pa kuisha." Aligeuka akawatazama wenzake, ambao sasa walikuwa wametulia. "Wazee wetu walitafuta kitu haiwezi kuisha. Walitazama mbele wakaona giza tu. Wakatazama nyuma, wakaona watu. Nyanya yangu aliitwa Wamucii. Nyanya ya huyo nyanya, Wamucii. Hatujui wa kwanza alikuwa nani. Jina ilitoka kwa tene ikanifikia. Mimi nimeishikilia tu. Nikiipeana, na mimi nimeingia kwa tene. Sasa nani atanimaliza?"

Nilisisimka. Nilimwambia kwamba Waswahili wa pwani wana maneno mawili: azali, ile milele ya nyuma isiyo na mwanzo, na abadi, ile ya mbele isiyo na mwisho.

"Mbili za nini?" alisema. "Ni barabara moja."

Niliyaandika maneno yake yote kwenye daftari, nikapigia mstari. Nilijiona mtafiti. Sikuona kwamba aliposema "nikiipeana" sauti yake ilikuwa imeshuka, wala kwamba mwanamke mmoja nyuma alikuwa ameinamisha kichwa.

Mwanamke huyo alikuwa Kabura, jirani yetu. Alinishika mkono tukitoka, akanivuta hadi kwenye ua wa kanisa.

"Wewe mwalimu, uko na moyo gani? Ati unamuuliza tene, na wewe ndiye ulimkatia!"

Nikamwambia sielewi. Aliniangalia, akaona kweli sielewi, na hasira ikamtoka. Akanieleza polepole, kama nilivyowaeleza wao herufi. Msichana wa kwanza ni wa mama ya bwana. Wa pili ni wa mama ya mke. Hupewa jina nyanya akiwa hai, ili ajione, ambebe, amwite "mwenzangu". Ndiyo maana kilisukwa kiondo. Mwanamke mwenye binti zake angengoja wajukuu wa upande huo. Wamucii hana binti. Ana Moffat tu.

"Ulipomwambia amekuja Kageha," Kabura alisema, "ulimwambia yeye amekwisha. Tulijua wewe ni mgeni. Yeye alitukataza tusiseme. Alisema wa pili atakuwa wake, na wewe usiharibiwe furaha."

Nilikuwa na mimba ya miezi saba siku hiyo. Nilikwenda moja kwa moja hadi jikoni kwa Wamucii, nikapiga magoti kwenye majivu, nikamwambia aliyemo tumboni ni yeye, akiwa msichana ni yeye. Moyo wangu wa Kimaragoli uliogopa kusema hivyo, lakini nilisema. Aliniinua kwa kwapa.

"Nilijua utajua," alisema. Jioni hiyo alikiteremsha kiondo, akakipangusa masizi, akasuka mizunguko mitatu.

Alikuwa msichana. Hakulia. Mfuko wangu wa uzazi ulipasuka njiani kwenda hospitali, na madaktari waliokoa kile walichoweza kuokoa, yaani mimi. Nilipozinduka, Wamucii alikuwa miguuni pangu na kibuyu cha uji. Safari hii hakuuliza nani amekuja. Nilianza kumwomba msamaha, maneno yakanitoka ovyo kwa lugha tatu, na yeye akawa anasema tu, "Kunywa kwanza, mwarimu. Kunywa."

Majuto ni mjukuu, Waswahili husema, na wangu nilimbeba mgongoni kila siku. Nilitaka kulibadilisha jina la Kageha, aliyekuwa na miaka mitatu. Nilikwenda kwa Wamucii na wazo hilo nikidhani nitamfurahisha. Alikasirika.

"Mama yako umfukuze aende wapi? Ameshakaa. Ameshakunywa maji ya hapa."

Kisha wakaja wazee wawili wa mbari, yaani wa ukoo wao, wakakaa na Moffat chini ya ukingo wa paa, wakamshauri aoe mke wa pili, wa huku huku, ili jina la mama yake lisipotee. Nilisikia kila neno kupitia dirishani. Sikumlaumu Moffat kwa kunyamaza, alikuwa mwana wa mtu. Aliyejibu ni Wamucii. Alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mimi sitazaliwa kwa machozi ya mtu mwingine," alisema. "Mmemaliza chai? Basi rudisheni vikombe."

Hawakurudi tena na habari hiyo. Mimi nililia siku hiyo kuliko nilivyolia hospitalini. Mtu niliyemfutia milele yake alikuwa amesimama mlangoni pangu na mwiko kunilinda.

Miaka ikaenda. Wamucii alimlea Kageha, akamfundisha kulima, kusema Kikuyu cha ndani na kutukana kwa adabu. Hakuwahi kumwita "mwenzangu". Nilisubiri nisikie neno hilo, japo kwa kuteleza, na halikuteleza. Kiondo kilirudi juu ya moto, kikawa cheusi.

Alianza kuugua kifua mwaka wa 1979, baada ya mavuno ya kahawa. Alikataa hospitali. Alasiri moja Moffat alikuwa amekwenda Murang'a kikazi na Kageha alikuwa shuleni. Nilikuwa nimemsomea kitabu chetu cha gumbaru, kwa maana macho yalikuwa yamemshinda, nikafika kwenye yale maneno ya *muoyo wa tene*, nikaacha kusoma.

"Soma tu," alisema. "Haiumi."

"Inaniuma mimi," nikasema. Kisha nikasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga. "Mama, Kageha ataolewa. Msichana wake wa pili atakuwa na jina langu. Ndiyo sheria yenu. Zamu hiyo nakupa wewe."

Alinitazama kwa jicho lile lile alilowatazamia wazee.

"Usiseme. Hujui utakuwa mzee namna gani. Uzee iko na tamaa, mwarimu. Sasa uko na nguvu, unaona jina ni kitu ndogo."

"Nimesema."

Alivuta pumzi kwa shida. "Basi nipe ile kiondo."

Nikakileta. Alijaribu kusuka, vidole vikakataa. Akanirudishia mimi, mwanamke ambaye hajawahi kusuka hata mkeka.

"Utaimaliza wewe," alisema.

Tulimzika Ijumaa iliyofuata. Mahubiri yalikuwa marefu, na mhubiri alitaja uzima wa milele mara nyingi. Nilisimama pembeni ya kaburi nikihesabu watu waliokuwepo wenye jina Wamucii. Walikuwapo wanne, wote wa nyumba nyingine.

Nilijifunza kusuka kwa Kabura, ambaye alinicheka mpaka akakohoa. Nilifumua na kusuka upya mara nyingi. Mkonge wangu ulikuwa mweupe na wake mweusi kwa moshi, kwa hiyo ukikitazama kiondo hicho unaona wazi mahali alipoishia. Kabura hakuniuliza ni cha nani. Ahadi yangu hakuijua mtu yeyote, hata Moffat.

Kageha aliolewa mwaka wa 1984 na Theuri, fundi wa redio huko Karatina, kijana mpole anayependa kufuata mambo kwa utaratibu wake. Alizaa mvulana, kisha msichana, naye akaitwa jina la mama yake Theuri, Murugi. Nilimwona Murugi mkubwa akimbeba Murugi mdogo sokoni, akimtambulisha kwa kila muuza nyanya: "Mnaniona? Nimezaliwa tena." Nilirudi nyumbani bila kununua nilichokwendea. Siku hiyo nilijua kwamba Wamucii alikuwa amesema kweli kuhusu uzee.

Nami sasa nilikuwa na miaka hamsini na kitu. Wazazi wangu wamekwisha kufa, ndugu zangu wako mbali, sikuwa na mtoto mwingine. Nilikuwa nimeishi mlima huu miaka ishirini na zaidi, nikafundisha nusu ya mji kusoma, na nilitaka, nakwambia kweli, nilitaka kwa uchu, mtu aitwe mimi. Ile hofu ya kwetu, kwamba jina la aliye hai haliguswi, ilikuwa imenitoka yote. Nilijaribu hata kuirudisha inisaidie. Haikurudi.

Msichana wa pili alizaliwa Agosti 1988. Uzazi ulikuwa mgumu, na Kageha na Theuri walikuwa wamekwisha kukubaliana na daktari kwamba huyo ndiye wa mwisho. Moffat nami tulifika hospitalini asubuhi. Kiondo nilikuwa nacho ndani ya mfuko, kimefungwa kwa leso.

Sikuwahi hata kuuliza. Theuri alinipokea mlangoni akiwa amevaa koti la Jumapili. "Mama," alisema, "karibu uone wewe."

Kageha alikuwa ameegemea mito, amechoka, anang'aa. "Ni wewe umekuja, mama. Tryphosa. Theuri amefanya mazoezi ya kutamka wiki nzima."

"Turufosa," akasema Theuri kwa fahari, na wote wakacheka. Moffat alicheka, kisha akajifuta macho.

Wakaniweka mtoto mikononi. Alikuwa na uzito wa mkate, na uso umejikunja kama mtu aliyeamshwa bila sababu. Nilimwona ni mimi. Haki ya Mungu nilijiona: kidevu changu, masikio yangu. Nikafikiri, nani anajua? Aliyesikia ahadi yangu amelala chini ya udongo miaka tisa. Alinikataza mwenyewe nisiahidi. Kiondo ninacho hapa, ninaweza kumpa huyu Tryphosa na kila mtu atasema ni kizuri. Nilisimama hivyo mpaka Kageha akaniuliza kama naona kizunguzungu.

"Hapana," nikasema. "Mwite Wamucii."

Theuri alidhani hakusikia vizuri. "Lakini mama, zamu ni yako. Wamucii ni upande wa—" akahesabu ukoo kwa vidole, akashindwa. "Haiendi hivyo. Na sisi hatutazaa mwingine. Wewe utaitwa na nani?"

Jibu alikuwa nalo: hakuna. Nilitoa kiondo, nikakiweka juu ya kitanda, nikawaambia yote, tangu kibuyu cha kwanza cha uji hadi alasiri ile ya kitabu. Kageha hakuwahi kujua kwamba jina lake lilikuwa limekalia kiti cha mtu. Alikishika kiondo, akapitisha kidole pale mweusi unapoachana na mweupe, akalia bila kujificha.

Moffat ndiye aliyetoka nje. Nilimwona dirishani amesimama karibu na maua ya hospitali, kofia mkononi, mzee wa miaka sitini, mabega yakitikisika. Miaka yote ile hakuwahi kuniambia neno moja la lawama, na sikuwahi kujua ilimgharimu nini.

Aliporudi alimchukua mtoto kutoka kwangu. Kwao mwanamume humwita binti mwenye jina la mama yake "mama". Alimtazama muda mrefu kabla ya kusema.

"Mama," alisema. Neno hilo alikuwa hajalitumia kwa miaka tisa.

Nami nikainama, nikagusa paji la uso la mtoto. "Karibu, Wamucii," nikasema. "Nimechelewa."

Theuri akaenda kwa nesi, akaandikisha.

Wamucii huyo sasa ana miaka mitatu. Huletwa kwetu likizo zikifika, na kiondo chake kimejaa mawe na vifuniko vya chupa. Jana alikuja na kitabu cha picha, amekishika juu chini, akakiweka magotini pangu.

"Mwarimu," alisema, "nisomee."

Najua mji mzima huniita hivyo. Najua hapa karibu kila mtoto husema *r* mahali pa *l*. Nimefundisha miaka thelathini, usinifundishe. Lakini nilikaa kitako, nikakigeuza kitabu, na kidole changu kikabaki juu ya neno la kwanza.

"Soma tu," akasema.